Vita vya wakubwa havijawahi kuiruka Newala

Septemba 2019 ndege kubwa ya mizigo ya Kirusi ilitua Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, ikiwa na helikopta ya kijeshi tumboni. Iliambatana na askari wa kukodiwa wa kampuni ya Wagner, na haukupita muda wakawa wamepanda Mueda. Mwezi mmoja kabla ya hapo Rais Filipe Nyusi alikuwa Moscow akitia saini mikataba na Rais Vladimir Putin. Moscow ilikana kwamba ina wanajeshi Msumbiji. Hata hivyo, Oktoba ya mwaka huo baadhi ya Warusi hao waliuawa na wapiganaji katika misitu ya Cabo Delgado, na kabla mwaka haujaisha wenzao walikuwa wamerudi nyuma hadi Nacala.

Kutoka Newala hadi Mueda hakufiki kilometa 100 kwa mstari ulionyooka. Ukisimama Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika, unaliona bonde la Ruvuma limelala chini yako, na ng'ambo yake ndiko kwa Wamakonde wenzetu, watu tunaooana nao na kuzikana nao. Nyusi mwenyewe ni mzaliwa wa Mueda, na wakati wa vita vya ukombozi alisomeshwa Tunduru. Kwa hiyo watu wanapoulizana, stendi ya Masasi au kwenye foleni ya ghala la chama cha msingi, kama tamaa mpya za Urusi zinaweza kuleta vita vya tatu vya dunia, wasidhani wanazungumzia mambo ya mbali. Tamaa hizo zimekwisha kufika jirani, na zimeacha makaburi.

Gazeti hili linasema bila kuzunguka: hatari ya vita vikuu ipo, ni kubwa kuliko kizazi hiki kilivyowahi kuiona, na nchi yetu inaishi kana kwamba ni habari ya kusikiliza redioni jioni. Sisi wa kusini ndio tuliopaswa kuwa wa kwanza kushtuka, maana historia ya uwanda huu inatufundisha kwamba vita vya wakubwa havina desturi ya kutupita.

Tuanze na karatasi. Mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yaliyokutana Berlin yaliandika katika mkataba wao kwamba, yakipigana yenyewe kwa yenyewe, nchi za bonde la Kongo zingeweza kuachwa nje ya vita. Eneo hilo lilichorwa kwa upana hata likaifikia pwani ya Afrika Mashariki. Gavana wa Kijerumani hapa, Heinrich Schnee, aliutegemea mkataba huo mwaka 1914. Haukumfaa kitu. Juni 28 risasi zililia Sarajevo, mji ambao hakuna mtu wa Masasi aliyeusikia. Agosti 8, siku 41 baadaye, manowari ya Kiingereza ilikuwa inaipiga Dar es Salaam ili kuangusha mnara wa mawasiliano ya redio.

Huku kwetu vita vilichelewa, lakini vilipofika havikubakiza kitu. Ureno, mtawala wa Msumbiji, iliingia vitani Machi 1916. Majeshi yake yakavuka Ruvuma mwezi Septemba na kuishika Newala mwezi Oktoba. Novemba Wajerumani walirudi, na hawakuhangaika kuvunja ngome kwanza: walikiteka chanzo cha maji kule chini, wakawaacha Wareno juu wakikaukiwa makoo mpaka walipotoroka usiku wa Novemba 28. Yeyote aliyewahi kuishi Newala kabla ya bomba la mradi wa maji wa Makonde kufika kwake anaielewa mbinu hiyo bila kufundishwa. Uwanda huu hauna mito. Anayeshika maji anashika roho za watu, na katika vita vile wenyeji waliona visima vyao vikiwa silaha ya wageni.

Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya zaidi. Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani waliuana kwa siku nne Mahiwa, katika moja ya mapigano makali kuliko yote yaliyopiganwa katika ardhi hii. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akarudi nyuma akipitia Chiwata, Kitangari na Newala, akiacha wagonjwa na majeruhi, akikusanya kila debe la nafaka lililokuwa njiani. Novemba 25 alivuka Ruvuma na kuishambulia kambi ya Wareno Negomano. Siku nne kabla ya hapo chombo kikubwa cha angani cha Kijerumani, L59, chenye urefu wa meta 226, kilikuwa kimeng'oa nanga Bulgaria kikiwa na tani kadhaa za dawa na risasi, na mahali kilipoagizwa kutua ni hapa, uwanda wa Makonde. Kiliitwa kirudi kikiwa juu ya Sudan. Ni zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakati ambapo barua kutoka Masasi hadi Lindi ilibebwa kwa miguu, na tayari mipango ya vita iliyopangwa Ulaya ilikuwa imeitia Newala kwenye ramani ya anga. Leo mitambo inayorushwa bila rubani inavuka maelfu ya kilometa. Nani atuambie kwamba tuko mbali?

Walioumia zaidi katika vita vile hawakuwa askari. Walikuwa wapagazi. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe, watu karibu 95,000 waliochukuliwa kubebea jeshi lao mizigo walikufa, wengi kwa njaa na kuhara. Jina la Kariakoo, soko ambalo kila mfanyabiashara wa Masasi analiendea kununua bidhaa, limetoka kwenye kikosi chao. Lakini katika vijiji walikotoka hakuna jiwe lenye majina yao.

Vita vya Pili havikupiganwa kwenye ardhi yetu, na hapo ndipo wengi wanapokosea wakisema havikutugusa. Watanganyika wapatao 87,000 waliingizwa jeshini na kupelekwa Abisinia, Madagaska na Burma. Na vilipomalizika, Uingereza iliyofilisika ilikosa mafuta ya kupikia, ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa mashine zilizobaki vitani. Nachingwea ilifyekwa. Bandari ya Mtwara ikachimbwa, reli ikajengwa kwenda bara. Mwaka 1951, baada ya kumwaga pauni zipatazo milioni 36, Waingereza waliukunja mradi. Reli iling'olewa. Ardhi iliyokwanguliwa kwa matingatinga ilibaki mikononi mwetu.

Tunayakumbusha haya kwa sababu moja. Kila mara kulikuwa na watu wenye hekima waliosema kwamba ugomvi wa Ulaya ni wa Ulaya. Hawakuwa wajinga. Walikosea jambo moja tu: waliamini kwamba vita vikuu vinahitaji ridhaa ya wale vitakaowaua.

Sasa tuje kwa Urusi yenyewe, na tuseme kwa haki, maana jambo hili huku kusini lina deni ndani yake. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam Juni 25, 1962. Risasi yake ya kwanza ililia Chai, Cabo Delgado, Septemba 25, 1964. Wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, kwenye maeneo yale yale yaliyofyekwa kwa ajili ya karanga, na silaha zao zilitoka Umoja wa Kisovieti na China. Upande wa pili, Ureno ilikuwa mwanachama mwanzilishi wa NATO, na silaha za jumuiya hiyo zilitumika dhidi ya Waafrika. Vijiji vyetu vya kando ya Ruvuma vilipigwa kwa mabomu na kutegewa mabomu ya ardhini kwa kosa la kuwahifadhi ndugu. Mzee wa Newala aliyeyaona hayo akikuambia kwamba haiamini NATO, usimbishie. Ana sababu zake, na gazeti hili linaziheshimu.

Lakini deni lile tunadaiwa na nani? Umoja wa Kisovieti haukuwa Urusi peke yake. Ukraine ilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 1991, na vijana wetu wengi walisomea udaktari na uhandisi Kyiv na Kharkiv kama wengine walivyosoma Moscow. Bunduki zilizofika Nachingwea zililipiwa kwa jasho la Waukraine pia. Haiwezekani tumlipe ndugu mmoja kwa kunyamaza wakati anamchoma mwenzake ndani ya nyumba. Zaidi ya hayo, serikali iliyopo Moscow leo haijifananishi na wale waliotuletea silaha za kumwondoa mkoloni. Julai 2021 Rais Putin aliandika makala ndefu akidai kwamba Warusi na Waukraine ni taifa moja, na kwamba Ukraine ya leo ni zao la makosa ya Wasovieti. Miezi saba baadaye, Februari 24, 2022, vifaru vyake vilivuka mpaka. Urusi ilikuwa imekwisha kuivamia Georgia mwaka 2008 na kuitwaa Krimea mwaka 2014.

Watanzania tuliwahi kuisikia hoja kama hiyo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na Novemba 1 Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto ule ni ya Uganda. Alikuwa na maelezo yake ya historia. Mwalimu Nyerere hakuyajadili. Ndiye aliyependekeza kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Cairo, Julai 1964, kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe, hata ile ya kijinga, kwa sababu njia nyingine ni damu isiyokauka. Kisha, wakati Kagera ilipokuwa inateketea, tuliumia kuona viongozi wa Afrika wakizitaka pande zote mbili zisitishe mapigano bila kumtaja mvamizi kwa jina. Mwalimu alilalamika hadharani juu ya ukimya ule.

Machi 2, 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuitaka Urusi iondoke Ukraine. Nchi 141 zilikubali, 5 zikakataa, 35 zikajizuia. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizojizuia. Kenya ilikubali, na siku chache kabla, Februari 21, balozi wake Martin Kimani alikuwa amesimama kwenye Baraza la Usalama akaeleza kwa utulivu jinsi Afrika ilivyoamua kuishi na mipaka iliyorithi badala ya kuipigania upya. Ilikuwa ni hoja ya Nyerere, na tunasikitika kwamba kiti cha Nyerere hakikuitamka.

Tunajua jibu linalotolewa: sisi hatufungamani na upande wowote. Msimamo huo ni wetu na tunaujivunia. Lakini hatukuwa tukiufuata kwa kufumba midomo. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umeahidiwa, nchi ikiwa maskini kuliko ilivyo leo. Kutofungamana kulimaanisha kwamba hakuna mkubwa anayetuamulia nani mkosaji. Kukawa na haki ya kusema, na ilitumiwa.

Wapo watakaouliza kuhusu Iraq mwaka 2003 na Libya mwaka 2011. Waulize, ni swali la haki, na sisi tunalijibu hivi: yalikuwa makosa makubwa, na la Libya bado linaiua Afrika. Silaha zilizotoka kwenye maghala ya Gaddafi ziliteremka Mali, vita vya jangwani vikapamba moto, na serikali za kijeshi zilizofuata zikawaita Warusi. Wagner waliingia Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2018, kisha Mali. Na tangu Yevgeny Prigozhin, kiongozi wa Wagner, afe kwa ajali ya ndege Agosti 2023, sehemu kubwa ya kazi hiyo imechukuliwa na kikosi cha wizara ya ulinzi ya Urusi kinachoitwa Africa Corps. Kosa la Washington haliwi ruhusa kwa Moscow. Linaongeza idadi ya wanaocheza na moto.

Je, moto huo unaweza kuwa vita vya dunia? Hatusemi kwamba havizuiliki. Tunasema njia za kuvifikia zimeongezeka, na zinaonekana kwa macho. Mwishoni mwa 2024 askari wa Korea Kaskazini walipelekwa Kursk kupigana upande wa Urusi. Vita vya nchi mbili vikawa na jeshi la bara Asia ndani yake. Iran ilitoa mitambo ya kuruka bila rubani. Finland, yenye mpaka wa zaidi ya kilometa 1,300 na Urusi, iliacha msimamo wake wa miaka mingi na kuingia NATO Aprili 2023. Sweden ikafuata Machi 2024. Novemba 2024 Urusi ililegeza masharti yake ya kutumia silaha za nyuklia, na siku chache baadaye ikaurushia mji wa Dnipro kombora jipya lenye uwezo wa kubeba silaha hizo. Septemba 2025 mitambo yake ya kuruka iliingia Poland, na ndege za NATO zikaitungua baadhi. Poland ni mwanachama. Kumshambulia mwanachama mmoja, kwa mujibu wa kifungu cha tano cha mkataba wa jumuiya hiyo, huhesabiwa kuwa ni kuwashambulia wote. Mara ile hakuna aliyekufa kwa kupigwa na mitambo hiyo. Ingekuwaje kama mmojawapo ungeangukia shule?

Wako wachambuzi wanaotuliza watu kwa kusema kwamba jeshi la Urusi limechoka. Limeshindwa kwa miaka kuipita sehemu ya tano ya Ukraine, litawezaje kupigana na dunia? Hoja hii haitupi usingizi. Dola zilizoiwasha dunia mwaka 1914 hazikuwa zote na nguvu. Austria na Urusi ya wakati ule zilikuwa dola zilizochakaa zikiogopa kuonekana dhaifu, na woga huo ndio uliozisukuma. Mtawala aliyekwisha kutoa kafara maelfu kwa maelfu ya vijana wake, mwenye maelfu ya vichwa vya nyuklia, hawi salama kwa sababu amechoka.

Mkulima anayefyeka njia ya moto kuzunguka mikorosho yake kabla ya kiangazi hamtuhumu jirani kwamba ataichoma. Anajua tu kwamba nyasi zimekauka. Sisi tumefyeka nini?

Tutazame shambani kwanza, kwa sababu huko ndiko vita vya Ukraine vilikotugusa kabla ya kutufikia mahali pengine. Mkorosho hauzai bila kupulizwa. Ubwiriunga ukiingia kwenye maua, msimu umekwisha, na dawa ambayo kila mkulima wa Masasi, Newala na Tandahimba anaijua ni salfa. Salfa hutokana zaidi na usafishaji wa mafuta na gesi, na Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa bidhaa hiyo duniani, kama ilivyo kwa mbolea. Vita vilipoanza, mafuta, mbolea na salfa vyote vilipanda pamoja. Agosti 2022 lita ya petroli Dar es Salaam iliuzwa shilingi 3,410. Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mafuta mwezi Juni, na shilingi bilioni 150 kwa mbolea katika msimu wa 2022/23. Ilifanya vizuri, na tunaipongeza. Lakini hayo yalikuwa makali ya vita vya nchi mbili, bahari zikiwa wazi na meli zikitembea. Vita vya dunia havina ruzuku inayoweza kuvitibu, kwa sababu bidhaa yenyewe haitakuwepo.

Na korosho nayo itauzwa wapi? Sehemu kubwa ya mavuno yetu huondoka ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Kwenye minada ya vyama vikuu vya ushirika, TANECU na MAMCU, msimu wa 2024/25 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakajenga, wakanunua pikipiki, wakasomesha. Furaha hiyo inasimama juu ya meli moja ya mnunuzi wa mbali. Mwaka 2017 India ilizuia mbaazi kuingia kwake, kwa uamuzi wa siku moja, na wakulima wa Masasi na Newala wakabaki na magunia ambayo hayakuwa na mnunuzi. Hapo hakukuwa na vita. Kilikuwa ni kikaratasi cha wizara ya biashara. Tumekuwa tukizungumza juu ya viwanda vya kubangua korosho tangu enzi za viwanda vya mwanzo vilivyojengwa na kugeuzwa maghala. Kubangua hapa hapa kulikuwa suala la kipato. Sasa ni suala la usalama, na lipewe uzito huo kwenye bajeti.

Kubwa zaidi ya salfa ni watoto wetu. Oktoba 2022 kijana wa Kitanzania aliyekwenda Moscow kusoma aliuawa Ukraine akiwa upande wa Wagner. Alikuwa amefungwa gerezani Urusi, akaahidiwa kuachiwa na kulipwa kama atakwenda vitani. Mwili wake ulirudishwa nyumbani Januari 2023, na serikali ikalithibitisha jambo hilo na kuwaonya Watanzania. Tulidhani ni mkasa wa mtu mmoja. Mwishoni mwa 2025 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba raia wake zaidi ya 200 wamejikuta kwenye jeshi la Urusi, wengi wakiwa wamedanganywa na mawakala kwamba wanakwenda kufanya kazi za kawaida. Wasichana kutoka Uganda, Kenya na nchi nyingine za Afrika waliitwa kwa matangazo ya mtandaoni kwenda Tatarstan, wakiahidiwa masomo na mshahara; walijikuta kwenye kiwanda kinachounda mitambo ya kivita ya kuruka. Aprili 2024 Ukraine iliyapiga maeneo hayo, na Waafrika walikuwa miongoni mwa waliojeruhiwa.

Hawa ndio wapagazi wa leo. Babu zao walifungwa kamba shingoni. Wao wanafungwa kwa mkataba wa lugha wasiyoisoma, uliofika kwenye simu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne Newala, ambaye msimu ukiisha anabaki kijiweni na pikipiki ya mkopo, akiona tangazo la mshahara wa dola elfu moja hatauliza kiwanda kinatengeneza nini. Wajibu wa kuuliza ni wa Wizara ya Mambo ya Nje, ofisi za ajira, walimu, mashehe, mapadri na wazazi. Mpaka sasa hatujaona tangazo moja lililobandikwa kwenye ofisi ya kata huku kusini likimweleza kijana ni mawakala gani wana leseni, na akishafika huko akinyang'anywa pasipoti apige simu wapi.

Upande wa magharibi yetu, kwenye barabara ile ile inayotoka Masasi kupita Tunduru, iko Namtumbo. Julai 30, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko mtambo wa majaribio wa kuchenjua urani ya Mto Mkuju, mradi ulio chini ya Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi. Tunataka Tanzania ifaidike na madini yake, na hatumkatazi mtu kununua. Lakini urani si tanzanite. Rosatom si kampuni ya watu binafsi inayotafuta faida tu. Ni mkono wa dola, na dola hiyo iko vitani. Siku vita vikipanuka, mgodi unaoilisha dola moja yenye silaha za nyuklia unakuwa nini machoni pa adui wake? Vikwazo vya benki vikiikamata Rosatom, nani atawalipa wafanyakazi wa Namtumbo, na nani atasafisha maji yatakayobaki? Sheria ya mwaka 2017 kuhusu masharti hasi katika mikataba ya maliasili inalipa Bunge mamlaka ya kuipitia mikataba kama hii. Tunataka kuona mamlaka hayo yakitumika, hadharani, kwa maswali haya haya.

Mpaka wetu nao haujapoa. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado walivuka Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, wakaua na kuchoma nyumba. Jeshi letu lilikwenda ng'ambo, Nangade, kusaidia kuwazuia, na vijana wetu walilipa kwa maisha yao. Ujumbe wa SADC umekwisha kuondoka tangu Julai 2024, Wanyarwanda walibaki, moto haujazimika. Mahali palipo na vita visivyokwisha, gesi yenye thamani ya mabilioni ya dola, na serikali inayotafuta msaada popote, ndipo wakubwa wanapopenda kuchuana kwa mikono ya wengine. Walijaribu mwaka 2019. Wanaweza kujaribu tena, na safari ijayo upande mmoja ukileta Warusi, mwingine hautakaa kimya. Daraja la Umoja, lililofunguliwa Mei 12, 2010 kati ya Mtambaswala na Negomano, limejengwa karibu na pale pale Lettow-Vorbeck alipovukia. Tulilijenga kwa biashara na undugu. Lilindwe libaki hivyo, kwa askari wa kutosha, kwa taarifa za wanavijiji wanaosikilizwa bila kutishwa, na kwa makubaliano na Maputo kwamba hakuna jeshi la kukodiwa la nchi yoyote, iwe Urusi au nyingine, litakalowekwa karibu na Ruvuma bila Tanzania kuambiwa.

Kwa wabunge wa Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu: mtakapokaa tena Dodoma, mwulizeni Waziri wa Mambo ya Nje ni Watanzania wangapi walio kwenye jeshi na viwanda vya silaha vya Urusi, na nini kimefanyika kuwarudisha. Mwulizeni Waziri wa Kilimo ghala la taifa lina salfa na mbolea ya misimu mingapi. Mwulizeni Waziri wa Madini mkataba wa Mkuju unasema nini kuhusu vita na vikwazo. Na ombeni, kwa niaba yetu, kwamba suala la uvamizi likirudi Umoja wa Mataifa, Tanzania ipige kura iliyoitaka Afrika iipigie mwaka 1978.

Kwa mzazi wa uwanda huu: mwanao akikuletea karatasi ya kazi ya Urusi, usitie saini, usiuze mikorosho kumlipia nauli. Ipeleke kwanza kwa mkuu wa wilaya, umtake aithibitishe kwa maandishi.